Machela na Kabati la Kioo

Yaliyopita ni ndwele. Najua wahenga walisema kinyume: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Huenda wahenga hao hawakuwahi kumwona mama yao akibebwa juu ya mlango. Mimi nilimwona. Nilitembea nyuma ya mlango ule nikiutazama mkono wa Mama ukining'inia, kwa hiyo mtu asije kunifundisha methali. Yaliyopita ni ndwele, na yasipogangwa huambukiza yajayo.

Mwaka huo wa 1955 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kwetu ni juu ya mlima wa Mbololo, mahali ambapo asubuhi unaona moshi wa garimoshi likiingia Voi kule chini. Siku zangu zilianza namna moja. Nilichota maji mferejini, nikampikia Nyanya Wakio uji, kisha nikakimbilia shuleni nikiwa na kitabu kwapani na ukuni mmoja wa jikoni kwa mwalimu. Lakini siku ya Ijumaa, masomo yakiisha, hatukwenda nyumbani. Ijumaa tulisafisha machela.

Kutoka kwetu hadi zahanati ya Voi hapakuwa na barabara ya gari. Palikuwa na njia ya miguu tu, yenye mawe, mwendo wa saa nne kwa mtu mzima. Mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa kwenye machela, kitanda cha turubai kilichoshonewa miti miwili mirefu, kikachukuliwa na wanaume wanne mabegani. Machela yetu ilitengenezwa kwa mchango wa kijiji kizima. Iliangikwa kwenye vigingi viwili katika stoo ya kanisa, na juu ya mlango wa stoo Mwalimu Gibson aliandika kwa chokaa: MACHELA NI YA MGONJWA.

Iliangaliwa na Kamati ya Machela. Wajumbe wake walijitolea. Hawakulipwa hata kikombe cha chai. Malipo yao yalikuwa kusalimiwa kwa heshima njiani, na wengine waliyapenda malipo hayo kupita kiasi. Aliyeyapenda zaidi ni mwenyekiti, Mzee Zephaniah, aliyewahi kuwa karani katika shamba la mkonge. Alivaa kalamu mbili mfukoni hata akienda kukama ng'ombe. Ufunguo wa stoo aliufunga kwa uzi na kuuvaa shingoni.

"Ufunguo huu hukaa karibu na moyo wangu," alipenda kusema.

Nyanya Wakio alicheka alipousikia msemo huo. "Uzi wenyewe mrefu," alisema. "Naona ufunguo umefika tumboni."

Siku ya Jumatano, mwezi wa Aprili, Mama alishikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya wakati wake. Mkunga wa kijiji alimpapasa tumbo, akatikisa kichwa. "Mtoto amelala vibaya. Apelekwe chini, na apelekwe sasa hivi."

Nilitumwa kwa Mzee Zephaniah. Nilikimbia mpaka nikasahau kiatu kimoja njiani. Mkewe, Mama Gertrude, alisimama mlangoni akipangusa mikono kwenye leso.

"Mzee ametoka tangu alfajiri," alisema, na macho yake hayakunitazama. "Ufunguo anao."

Nikakimbilia stoo. Nikachungulia dirishani. Vigingi viwili vilikuwa ukutani, vitupu.

Basi wanaume waliung'oa mlango wa nyumba yetu, wakamlaza Mama juu yake na kumfunga kwa shuka. Mlango hauna miti ya kushikia. Unateleza. Kila walipofika penye mteremko, waliuweka chini ili waushike upya, na kila ulipogusa mawe Mama alipiga ukelele. Tulipofika kwenye jiwe kubwa la nusu ya njia, mtoto alizaliwa. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Mkunga alimfunika kwa kanga yake. Wanaume walivua kofia. Mama akasema kwa sauti ndogo ambayo sitaisahau, "Nirudisheni nyumbani. Sasa naharakia nini?"

Kesho yake Mzee Zephaniah alikuja kutoa pole, na sukari ndani ya karatasi. Alikaa, akavua miwani, akaipangusa.

"Machela ilikuwa kwa fundi," alisema. "Mti mmoja ulikuwa na ufa. Mambo ya Mungu haya, Mama Peris. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Mama alikuwa amelala, ameelekea ukutani.

Ijumaa tulikwenda kusafisha machela kama kawaida. Ilikuwa imerudi kwenye vigingi vyake. Nilifanya kazi pamoja na Mable, binti wa mwisho wa Mzee Zephaniah, ambaye tulikuwa darasa moja. Niliutazama mti wa kwanza, nikautazama wa pili. Haikuwa na ufa, wala kiraka, wala msumari mpya. Nikapitisha kitambaa juu ya turubai, na kitu kikanichoma kidole. Kilikuwa kipande cha kioo, kidogo kama ukucha, kimenasa kwenye mshono. Upande mmoja kiling'aa, nikaona jicho langu ndani yake.

"Mable," niliuliza, "kwenu mna kioo?"

Mable alijivuna papo hapo. "Kioo? Kwetu kuna kabati lenye kioo! Limetoka Mombasa. Ukisimama mbele yake unajiona mpaka magoti. Nyinyi kwenu mnajitazamia wapi, kwenye ndoo?"

"Ni zima?"

"Zima kabisa. Mama amefunika kona moja tu kwa kitambaa cha kufuma, ili kupendezesha."

Nilikitia kile kipande ndani ya kiberiti kitupu, nikakiweka mfukoni, na damu ya kidole changu nikaipangusa kwenye sketi.

Jumamosi Baba alipanda kutoka Voi. Baba yangu, Danson, alikuwa hamali wa stesheni, na nyumbani alifika mwisho wa juma. Habari za mtoto zilimfikia Ijumaa jioni. Aliingia, akaona nyumba haina mlango, akaona Mama. Nyanya Wakio alimsimulia yote, mpaka alipofika kwenye maneno ya fundi.

"Kwa fundi?" Baba aliuliza. Aliketi chini. "Jumatano nilimwona Mzee Zephaniah stesheni. Alikuja na vibarua wanne wa kutoka Kishushe, na machela. Kabati lake lilifika na garimoshi la asubuhi. Mimi nilisaidia kulipakia. Nikamuuliza, mzee, leo kijijini hakuna mgonjwa? Akasema, mlima mzima ni wazima, Danson. Kaza kamba. Nami nikakaza." Akamgeukia Mama. "Dinah, mimi kwa mikono yangu nililifunga kabati mahali pako."

Walikuwa wamelipandisha kwa njia ya ng'ombe, inayozunguka nyuma ya mlima, ili wasionekane.

Baba alisimama, akachukua panga. Mama akageuka kutoka ukutani kwa mara ya kwanza.

"Weka," alisema. "Ukimkata, watamlilia yeye na kukufunga wewe. Nataka kumlipa, Danson. Lakini nataka kumlipa mbele za watu, na nikimaliza asiwe na mahali pa kusimama. Tungoje."

Mama alijua kungoja. Mimi sikujua.

Bondeni kwetu huota upupu, na kila mtoto anajua maganda yake yanavyowasha. Jumapili moja nilichukua unga wa maganda hayo kwa jani la mgomba, nikaunyunyiza kwenye kiti cha Mzee Zephaniah kanisani, kile chenye mto. Kisha nikakaa nyuma nikisubiri kufurahi. Lakini siku hiyo Mzee Zephaniah alitaka kuonekana mnyenyekevu. Alimkalisha kitini mwake Mzee Alexander, mjumbe mkongwe kuliko wote katika kamati, mtu asiyewahi kumkosea hata kuku.

Mahubiri yalipofika katikati, Mzee Alexander alianza kujikuna. Alijikuna polepole, kwa adabu. Kisha akajikuna bila adabu. Kisha akatoka mbio, na kanisa zima likageuza shingo.

"Roho amemshukia!" alinong'ona mmoja.

"Amemshukia mahali pabaya," alijibu mwingine.

Mama alinishika mkono tulipofika nyumbani. Vidole vyangu vilikuwa vimevimba, vyekundu. Hakuuliza. Alinipeleka moja kwa moja kwa Mzee Alexander, nikakiri mbele yake, na juma zima nilimchotea maji na kumletea majivu ya kupaka.

"Mama Peris," yule mzee alisema, "mtoto huyu ana kisasi kikubwa na shabaha mbaya." Kisha akanigeukia mimi. "Mjukuu wangu, ukitaka kumwasha mtu, mwashe kwa jina lake, na mchana kweupe. Kisasi cha kunyunyiza huwapata wapita njia."

Njiani Mama alisema jambo moja tu. "Kama chuki yako ni ya kweli, ifundishe kulenga."

Mwezi wa Septemba mjumbe mmoja wa kamati alihamia Maungu na mumewe, na nafasi ikabaki wazi. Mama akasimama kanisani, akasema anajitolea. Watu walishangaa. Mzee Zephaniah alitabasamu kwa meno yote. Alidhani sukari yake imefanya kazi.

Kwenye kamati Mama alifanya kila kazi. Alishona turubai upya. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuandikisha wabebaji, akapanga zamu zao ili kila siku wawepo wanaume wanne wasiotoka kijijini. Alitafuta blanketi. Na kila mkutano, kabla ya sala ya mwisho, aliuliza swali lile lile.

"Mwenyekiti, kwa nini stoo ina kufuli? Mgonjwa hana subira. Tuweke kigingi cha mbao tu."

"Itaibwa, Mama Peris."

"Nani ataiba machela? Ataipeleka wapi?"

"Watu hawakosi matumizi," alijibu Mzee Zephaniah, na ufunguo ukabaki shingoni.

Mama aliuliza kwa sababu alikuwa na mimba tena. Mkunga alisema mtoto atafika Mei, katikati ya mvua, na akaongeza kwamba safari hii Mama asithubutu kuzalia mlimani. Nyumbani tulilijua jambo moja, na tulilala na kuamka nalo: machela isipokuwa kwenye vigingi vyake mwezi wa Mei, tutamzika mtoto mwingine, na pengine mama yake pia.

Mwezi wa Januari mikosi ikaingia kwa Mzee Zephaniah. Ng'ombe wake wawili walikufa juma moja. Mama Gertrude akavimba uso, na dawa ya zahanati haikusaidia. Watu wakaanza kunong'ona. Kwetu Udawida, nchi ya Wataita, tangu zamani, mikosi ikiandamana nyumbani kwa mtu, watu huuliza: nani ana hasira naye? Hasira iliyofungiwa kifuani hutoka usipotarajia, ikamdhuru aliyeisababisha. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira hutia kinywaji mdomoni, akakipuliza chini, na kwa kufanya hivyo akaitoa hasira yake moyoni. Wazee walitumia pombe ya miwa. Wakristo wa kwetu walitumia maji, na mchungaji alitazama upande mwingine.

Mzee Zephaniah alikuja nyumbani, kofia mkononi.

"Mama Peris, najua bado una majonzi," alisema. "Jumapili ya kwanza ya Februari tuna mkutano mkuu wa kamati. Watu wote watakuwepo. Naomba utase pale, mbele yao. Dakika moja tu. Waone kwamba mimi na wewe hatuna neno." Akakohoa. "Kisha tuendelee na uchaguzi wa mwenyekiti."

Mama aliinuka kumsindikiza.

"Nitatasa," alisema. "Kwa moyo wangu wote."

Alipoondoka, Nyanya Wakio alianza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimuuliza kuna nini.

"Huyu amekaa ukarani miaka mingi, anadhani kutasa ni kutia sahihi," alisema. "Kutasa kuna sehemu mbili, mjukuu wangu. Kwanza unaitaja hasira yako, yote, kwa siku yake na jina lake. Ndipo unapuliza. Ukipuliza bila kutaja, umetema maji tu. Na anayetasa hakatizwi na mtu. Kalamu zake zimemsahaulisha."

"Kwa hiyo Mama atasema?"

"Amealikwa kusema! Mwizi amemkaribisha mbwa kwenye pango lake, tena amemshikia taa."

Jumapili hiyo jua lilikuwa kali na uwanja wa kanisa ulijaa. Baba aliomba ruhusa kazini. Mzee Zephaniah alivaa koti jeusi na kalamu zote mbili. Alimletea Mama maji kwa kibuyu, mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," alitangaza, "Mama Peris ana jambo dogo."

Mama alisimama. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Alishika kibuyu bila kunywa.

"Nina hasira," alianza. "Nina hasira na Zephaniah. Nina hasira tangu Jumatano ile ya Aprili, saa mbili ya asubuhi, nilipoagiza machela nikaletewa mlango wa nyumba yangu."

"Mama Peris, hayo hatuna haja ya..." Mzee Zephaniah aliinua mkono.

Mzee Alexander aligonga fimbo yake chini. "Anayetasa hakatizwi! Umemwita mwenyewe. Keti."

Mzee Zephaniah akaketi.

"Nina hasira," Mama aliendelea, na sauti yake haikupanda wala kushuka, "kwa sababu nililia kwenye kila jiwe kutoka hapa hadi jiwe kubwa. Mwanangu alikufa pale. Hakuwahi kupewa jina. Nina hasira kwa sababu mtu huyu alikuja nyumbani kwangu na sukari, akaniambia machela ilikuwa kwa fundi. Haikuwa kwa fundi. Ilikuwa stesheni ya Voi. Ilibeba kabati."

Uwanja ulinguruma. Mzee Zephaniah alikuwa akipangusa miwani, akipangusa, akipangusa.

"Uongo!" alifoka hatimaye. "Nani shahidi?"

Baba alisogea mbele. "Mimi. Nililipakia mimi. Nilikuuliza kama kuna mgonjwa, ukaniambia mlima mzima ni wazima. Ukaniambia kaza kamba."

"Hamali wa stesheni, na mume wake mwenyewe! Huo ni ushahidi gani?"

Nilikuwa nimekitembeza kile kiberiti mfukoni miezi tisa. Nilikitoa, nikakifungua, nikakiinua kipande cha kioo mpaka jua likakipiga na nuru yake ikaenda kutua usoni mwa Mzee Zephaniah.

"Hiki kilikuwa kwenye mshono wa machela Ijumaa ile. Kilinikata kidole. Twendeni tukajaribu kukipachika kwenye kona ya kabati, ile iliyofunikwa kwa kitambaa."

Hapo Mama Gertrude aliinuka. Uso wake ulikuwa umevimba hata jicho moja likafumba.

"Msijisumbue kwenda," alisema. "Kinatoka hapo. Mimi ndiye niliyeifunika kona ile. Nilimwambia, baba Mable, mke wa Danson ana mimba, siku zake hazitabiriki, usiichukue machela. Akasema kabati haliwezi kubebwa kichwani, litachubuka. Nami nikanyamaza. Yule mtoto alikuja mlangoni kwangu akihema, mguu mmoja hauna kiatu, na mimi nikamwambia mzee ametoka." Alimgeukia Mama. "Nimefuma vitambaa vitatu kufunika kona moja, Dinah. Nimechoka kufuma."

Nilimwona Mable pembeni, ameficha uso kwenye mikono. Nilikuwa nimengoja kumwona hivyo. Sitadanganya: nilifurahi.

Watu walianza kupiga kelele, wengine wakitaka afukuzwe, wengine wakitaka polisi. Mama aliinua kibuyu, wakanyamaza. Maana hakuwa amepuliza bado, na wote walijua kwamba mpaka apulize, hasira ile bado imesimama katikati ya uwanja kama mtu.

"Sitamaliza kutasa mpaka haya yafanyike," alisema. "Ufunguo utoke shingoni mwake, sasa. Stoo isifungwe kwa kufuli tena. Kabati liletwe hapa, liwe la kuwekea blanketi na dawa za machela. Lisiletwe na vibarua. Alilete yeye mwenyewe na wanawe, mgongoni, kwa njia ya katikati ya kijiji, mchana. Na jina la Zephaniah liandikwe la kwanza kwenye zamu ya wabebaji wa mwezi wa Mei."

"Mimi? Nibebe?" Mzee Zephaniah alisimama. "Mimi ni mwenyekiti!"

"Ulikuwa," alisema Mzee Alexander.

Mzee Zephaniah alitazama huku na huku akitafuta uso wa kumtetea. Mkewe aliangalia chini. Akaushika ule uzi, ukanasa sikioni, akauvuta kwa hasira, akauvua. Akampa Mama ufunguo.

Ndipo Mama alipotia maji mdomoni. Akayapuliza juu ya mchanga mkavu, na mchanga ukarusha vumbi kidogo, ukanywa.

"Hasira, toka," alisema. "Ng'ombe wake waliobaki waishi. Mke wake apone."

Jumatatu kabati lilipita kijijini mgongoni mwa Mzee Zephaniah, wanawe wakishikilia pembeni. Watoto tuliokuwa njiani kwenda shule tulijiona ndani ya kioo chake likipita, mmoja mmoja, mpaka magoti. Hatukumsalimia. Kioo kilikuwa na kona iliyovunjika, na siku hiyo haikuwa na kitambaa.

Mei ilifika na mvua zake. Alhamisi moja asubuhi Mama aliita. Nilikimbilia stoo, nikang'oa kigingi cha mbao, na machela ilikuwa pale, kavu. Wabebaji wa zamu walifika mmoja mmoja, na wa kwanza alikuwa Mzee Zephaniah, suruali imekunjwa, bila kalamu. Alichukua mti wa mbele upande wa kushoto, ambao ndio mzito wakati wa kuteremka.

Mama alipolazwa juu ya turubai, alimtazama. Mvua ilikuwa ikitiririka kwenye miwani yake.

"Kaza kamba, mzee," Mama alisema.

Alikaza. Njia ilikuwa tope tupu. Aliteleza mara mbili, akapiga goti kwenye mwamba mpaka damu ikatoka, lakini mti hakuuachia. Tulipofika kwenye jiwe kubwa, wabebaji walitaka kupumzika. Yeye alikataa. "Si hapa," alisema. "Twende." Tulifika Voi kabla ya adhuhuri, na saa tisa alasiri mdogo wangu alizaliwa kwenye kitanda cha zahanati, akapiga kelele ambazo Baba alizisikia tangu stesheni. Wakampa jina la Wakio, la Nyanya.

Mzee Zephaniah aliketi kwenye benchi la nje mpaka aliporuhusiwa kuingia. Goti lake lilikuwa limefungwa bendeji. Alimtazama mtoto, akatabasamu kidogo, kisha akashusha sauti.

"Mama Peris, mtoto ni mzima, namshukuru Mungu. Nami nimekubeba bila kulalamika, au sivyo?"

"Umenibeba vizuri. Asante."

"Basi na wewe niondolee aibu. Ulinivua nguo mbele ya watu, mtu wa umri wangu. Ng'ombe wangu waliobaki ni wazima, mke wangu amepona, lakini njiani bado watoto hawanisalimii. Sema neno moja tu mbele ya kamati, kwamba ulizidisha. Uniombe radhi."

Mama alimweka mtoto vizuri kifuani. Kisha akaniita mimi nisogee, na maneno yake ya kwanza aliyaelekeza kwangu.

"Peris, sikia, siku moja na wewe utaombwa kukaa kwenye kamati. Ukikubali kuushika mzigo wa watu, wewe ni kigingi cha ukutani. Kazi ya kigingi ni kukishikilia kitu mpaka mwenye shida aje kukichukua. Kigingi hakisemi machela ni yangu. Kikioza, hung'olewa, na anayeking'oa hafanyi ubaya." Akamgeukia Mzee Zephaniah. "Watoto nitawaambia wakusalimie, maana umelipa. Hasira nimeitema, na sitaiokota tena. Lakini kila neno nililolisema siku ile lilikuwa kweli, na kama Jumapili ile ingerudi kesho, ningeyasema yote, tena kwa sauti kubwa zaidi. Kuomba radhi? Siombi."